Matofali Mapya ya Jiko la Baba Mkubwa

Tarehe 3 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu mimi Baba yako Mkubwa, pamoja na za Mama yako Mkubwa, ambaye yuko hapa kwenye cherehani yake na midomo imejaa pini, kwa hiyo amekusalimu kwa kutikisa kichwa. Sisi hatujambo. Mguu wangu wa kushoto bado unatabiri mvua na bado unakosea. Baba yako alipita Jumapili, akala, akasinzia kwenye kiti, akaondoka bila kuniambia lililomleta. Nadhani ni chakula.

Utanisamehe kwa kuandika badala ya kupiga simu. Simu haina ubaya wowote. Niliifungua tu nione kwa nini inakwaruza, na sasa imelala mezani vipande vipande ikisubiri nipate nafasi.

Nina swali dogo, la udadisi tu. Wewe unashinda mbele ya tanuri hapo kiwandani kwenu, mnachoma vikombe na sahani, basi mambo ya moto unayajua. Jiko letu la kuni unalikumbuka: lile la chuma, lenye mlango wa kioo, lililosimama kati ya viti na kona ya kushonea. Ndani yake, ubavuni na nyuma, kuna matofali membamba yanayokinga chuma kisiungue. La kushoto limemong'onyoka kama mkate uliolowa chai. La nyuma limepasuka, kipande kimeangukia kwenye majivu, na moto ukikolea ule ukuta wa chuma unakuwa mwekundu kama uso wa mtu aliyefumaniwa.

Mama yako Mkubwa anasema tuite fundi. Nikamuuliza, fundi ni nani kama si mimi? Nimetengeneza saa za mji huu tangu sina mvi. Nimefungua saa ndogo kuliko kitufe cha shati, nikaifunga, ikatembea. Leo nishindwe na sanduku la chuma lisilo hata na springi? Amesema, "Haya." Unamjua akisema "haya" namna ile.

Basi nieleze tu, matofali hayo hutengenezwa kwa kitu gani? Haraka haipo, ingawa baridi inakaribia na mwenzangu vidole vikiganda hawezi kushona.

Baba yako Mkubwa


Tarehe 17 Aprili

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo Mama Mkubwa na pini zake. Mimi mzima. Chumba changu ni kilekile, dirisha moja, kitanda kimoja, na jirani wa juu anayetembea kama anasukuma kabati. Kazini wiki iliyopita tanuri lilipandisha moto kupita kiasi na vikombe vyote vikainama upande mmoja kama watu wanaosikiliza umbea. Watu wa kazini ni wazuri, watu wa kawaida tu, hakuna wa kumtaja.

Kuhusu jiko. Hayo ni matofali ya moto, yanachomwa kwa udongo maalumu unaostahimili joto kali. Nakuomba sana, Baba Mkubwa, usiweke mawe ya mtoni. Jiwe la mtoni lina maji tumboni, likipata moto linapasuka kama risasi. Wala usitie tofali la nyumba, ni nene na halitadumu. Wala usitie saruji. Matofali ya jiko hayagandishwi. Yanakaa yenyewe, yanaegemeana, ili siku yakichakaa uyatoe bila vita.

Pima nafasi lilipokaa tofali, usipime tofali kuukuu, maana limeliwa na moto na limepungua. Nitumie vipimo nikutafutie hapa kiwandani. Na kabla ya yote hayo, mkiweza, iteni fundi wa majiko.

Mwanao


Tarehe 8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta salama na vikombe vyako vimenyooka. Hapa tuko vizuri. Jirani yetu, yule askari mstaafu tunayemwita Afande, amepata nafuu ya mgongo, kisha ameumia tena. Nitakueleza ilikuwaje.

Barua yako imenifikia ikiwa imechelewa na bahasha imekunjana. Uliandika nisitumie mawe ya mtoni. Ushauri mzuri sana. Ungenifikia kabla ya ile Jumamosi ungekuwa mzuri zaidi.

Nilikuwa nimeokota mawe bapa, mazuri, laini kama sabuni. Niliyapanga ndani ya jiko moja baada ya jingine, yakakaa kwa adabu. Nikawasha. Kwa muda mfupi mambo yalikuwa safi, hata nikasema kwa sauti, "Mnaona?" Ndipo la kwanza likalia *paa!* Halafu la pili. Kioo cha mlango kilisalimika, ila mlango wenyewe ulifunguka kwa kishindo na majivu yakatoka yote kwa pamoja, kama yalikuwa yamechoka kukaa humo. Afande alikuwa bustanini kwake. Aliposikia ile milio alijitupa kifudifudi kwenye kabichi na kuanza kuamrisha watu wasiokuwepo. Nilikwenda kumwinua. Hakutaka kuinuka mpaka nimwambie neno la siri. Nikamwambia, "Jiko." Akasema hilo silo, lakini akainuka.

Masizi kidogo yaliruka yakatua hapa na pale. Pale kidogo, hapa zaidi.

Mama yako Mkubwa angekusalimu ila ana shughuli.

Baba yako Mkubwa


Tarehe 21 Mei

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nimepata mgeni na nyumba imekuwa ndogo. Naandika nikiwa nimeketi juu ya ndoo, kwa sababu meza ina matumizi mengine kwa sasa. Mgeni mwenyewe ni mtu mzuri. Amezipanga sufuria zangu kwa ukubwa, amefua mapazia ambayo sikujua kama yana rangi, na ananiamsha alfajiri kuniuliza kama bado nimelala. Mimi ninalala kwenye godoro sakafuni. Jirani wa juu siku hizi anatembea polepole. Mgeni alipanda ngazi akaenda kuzungumza naye.

Pole kwa mawe. Mpe pole Afande na kabichi zake.

Baba Mkubwa, tafadhali usiwashe tena hilo jiko kabla ya kupata matofali yenyewe. Nasubiri vipimo. Na je, unakula? Si mkate mtupu, namaanisha kula. Na uvae ile sweta ya kijivu. Soksi nzito ziko droo ya chini, upande wa kulia, chini ya vitambaa vya meza.

Mama Mkubwa hajambo? Amerudi kwenye shughuli zake au bado?

Mwanao


Tarehe 4 Juni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba sana. Soksi nimezipata. Zilikuwa palepale, chini ya vitambaa vya meza. Ubongo wa vijana wa siku hizi unanishangaza: umekuja hapa mara ngapi, na bado unakumbuka droo!

Mgeni wako naye amezidi. Mtu hawezi kuingia nyumba ya watu akaanza kupanga sufuria. Mwambie kwa upole kwamba kila nyumba ina mwenyewe.

Ninakula. Jana nimekula mkate na yai. Juzi nilikula yai na mkate.

Kuhusu jiko, kuna maendeleo. Ni kweli ulisema tofali la nyumba ni nene. Nilitaka tu kuhakikisha. Yaliingia, tena yalikaa imara, ila nafasi iliyobaki katikati ilitosha kijiti cha kiberiti na rafiki yake mmoja. Nikajaribu kupasua kuni ziwe nyembamba kama penseli. Baada ya asubuhi nzima nilikuwa na joto mimi, siyo nyumba.

Ni kweli pia ulisema nisitie saruji. Nilitia kidogo. Naomba usinigombeze, nimeshajigombeza. Nilipaka saruji nyuma, nikaenda kuitikia hodi mlangoni, kumbe ni Afande amekuja kuomba chumvi, akanieleza habari za mgongo wake kuanzia alipozaliwa. Niliporudi mwiko ulikuwa umeganda ndani ya jiko, mpini umetazama nje kama mkono wa mtu anayetaka kusalimiwa. Nimeutoa kwa tindo na nyundo baada ya siku kadhaa. Mara mbili tatu nilijikuta kweli nimeusalimia.

Sasa nimekubali. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimesafisha jiko lote mpaka kwenye chuma. Nimepima nafasi, siyo tofali, kwa kile kipimo changu cha saa kisichodanganya hata unywele. Zaidi ya hapo nimekukatia karatasi za umbo la kila tofali, ziko ndani ya bahasha hii. Karatasi nzuri ngumu, niliikuta imekaa bure kwenye rafu.

Nyumba imetulia. Saa ndizo zinazoongea, na zote zinasema neno moja.

Mama yako Mkubwa amesafiri kidogo. Ni safari ya kawaida.

Baba yako Mkubwa


Tarehe 16 Juni

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Karatasi zimefika. Vipimo ni sahihi kabisa, msimamizi wa tanuri mwenyewe amevisifu, akauliza kama wewe ni mhandisi. Nimemwambia wewe ni fundi saa, akasema sasa ameelewa.

Ila, Baba Mkubwa. Karatasi hiyo haikukaa bure, ni michoro ya kukatia nguo. Tofali la kushoto limekatwa kwenye bega la gauni la mwalimu wa kwaya. Tofali la kulia ni mgongo wake. Na lile la nyuma, refu, limekula mkono mzima pamoja na alama za mikunjo zilizopigwa kwa chaki ya bluu, kazi ya wiki nzima, na yule mama ana mabega yasiyolingana na hakubali kupimwa mara mbili. Mtu akitaka karatasi aombe karatasi! Gazeti limejaa kila mahali! Na hiyo rafu si ya kuguswa, imesemwa mara ngapi, na viatu vya bustani haviingii ndani, na kama hilo jiko

Samahani. Kalamu ilikuwa imechukuliwa. Sasa ni mimi tena.

Matofali yako nimeyapata. Nimeyakata kwa msumeno na kuyasugua kwa msasa yaende sawa na karatasi. Nimeacha uwazi mdogo sana pembeni, maana tofali nalo likipata joto linafura. Yatakuja kwa lori la kiwanda linalopita huko kupeleka sahani. Dereva wake, wenzake wanamwita Kimya. Ni mtu wa kawaida tu. Ukimpa chai atashukuru, lakini usimpe nafasi ya kuongea kwa sababu jina hilo alipewa kwa dhihaka.

Ukishayapanga, moto wa kwanza uwe mdogo, wa vijiti. Wa pili uongezeke kidogo. Yanataka kukauka taratibu. Na kuni ziingizwe kwa mkono, zisirushwe.

Mwanao


Tarehe 1 Julai

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Salamu kwako, na salamu kwa mgeni wako. Nimesema salamu kwa mgeni wako.

Acha nikueleze. Kimya alifika mchana, akashusha sanduku la matofali kama anashusha mayai. Nikampa chai. Nilikumbuka onyo lako, kwa hiyo sikumuuliza kitu. Haikusaidia. Alianza na hali ya barabara, akaja kwenye bei ya matairi, akapita kwa mjomba wake aliyeng'olewa jino lisilouma. Halafu akasema, "Lakini mzee, nyumbani wote hawajambo. Jana mama alitupikia, akaniambia nikukague kama umevaa sweta."

Nikamuuliza, "Mama yupi?"

Mwanangu, nimeona saa zikisimama, lakini sijawahi kuona mtu anasimama namna ile. Kikombe kilikuwa njiani kwenda mdomoni, kikabaki hewani. Akatazama sanduku. Akatazama dari. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake jina lake lilimkaa.

"Mama wa... kwa ujumla," akasema.

"Mwenye cherehani?"

"Mzee, mimi ni wa sahani tu."

"Na amekuja kwenu lini?"

"Lori limeegeshwa vibaya," akasema, akainuka. Nikamkalisha. Nikamuuliza pia imekuwaje dereva wa sahani akaalikwa chakula nyumbani kwa binti yangu, na anajuaje kwamba binti yangu hatii sukari kwenye chai, maana alinitajia bila kuulizwa alipokuwa anasifu chai yangu. Akasema anajua tu, kikazi.

Basi mimi sitasema neno kwa mtu yeyote aliyeko huko. Naandika habari za jiko peke yake, na kama kuna mtu anasoma juu ya bega lako, asome habari za jiko.

Matofali yako ni mazuri mno. La kushoto limeingia kama jino la gurudumu la saa. La kulia vilevile. Lakini kuna lile bamba la chuma juu yake, linalozuia moto usikimbilie moja kwa moja kwenye bomba la moshi. Bamba hilo linakalia matofali ya pembeni. Ili la nyuma liingie, sharti bamba liinuliwe, lishikiliwe, tofali la nyuma lisukumwe mahali pake, halafu ya pembeni yarudishwe, ndipo bamba lishushwe. Nimejaribu kuliinua kwa fimbo, ikateleza. Nimejaribu kwa rundo la vitabu, kimoja kimeungua ukingo kwa makaa niliyodhani yamekufa. Nimejaribu kwa kichwa. Nikabaki humo kitambo, nikitafakari. Afande alinivuta kwa miguu, akajitolea kunishikia bamba. Nilimshukuru, nikamwambia hapana.

Tofali la nyuma linataka mikono minne. Mimi ninayo miwili.

Habari nyingine ya jiko ni kwamba siku ile ya mawe, masizi yaliruka mpaka kwenye gauni jeupe la bibi harusi lililokuwa limetundikwa. Limeharibika kwa ajili ya jiko, na jiko ni langu. Nimekwenda kwa bibi harusi mwenyewe. Sikumtuma mtu. Nilimwambia kuwa mshonaji wake hana kosa hata la nukta moja, aliniambia niite fundi, nami nikajifanya fundi. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka akakaa chini, kwa sababu bwana harusi ameteguka mguu akionyesha watu namna ya kuruka kiti, na harusi imeahirishwa. Anasema mshonaji asiwe na haraka.

Saa zote humu ndani zinatembea vizuri. Hakuna anayeziuliza ni saa ngapi.

Jiko nalo linawasalimu.

Baba yako Mkubwa


Tarehe 11 Julai

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua hii haiji kwa posta. Nimeibandika gundi kila upande ili aliyeibeba asiongeze maneno yake njiani.

Ndiyo, yuko hapa. Alikuja mwezi wa tano na begi, cherehani, na gauni jeupe limefungwa kwenye shuka. Aliniapisha nisiseme. Kila barua yako ilipofika alisema haimhusu, kisha akasogeza ndoo karibu. Kipande cha mbele cha gauni amekishona upya, na kimetoka vizuri kuliko cha kwanza, ila hilo ameniambia nisikuambie.

Barua yako ya mwisho nilimsomea jioni, yeye akichambua mchele. Nilipofika pale ulipokwenda kwa bibi harusi, aliacha kuchambua. Akasema, "Alikwenda mwenyewe?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Akiwa amevaa nini?"

"Hajasema."

"Basi atakuwa alivaa ile kofia." Akaweka ungo chini. "Soma tena pale pa mikono."

Nikasoma. Akasema wewe una kichwa kigumu kuliko hilo tofali, na kwamba bamba lile lina ukingo mkali kama wembe, na kwamba Afande ana mgongo wa karatasi angekudondoshea vidoleni, na wewe vidole vyako ndiyo kazi yako. Aliyasema yote hayo huku anakunja nguo. Niliporudi kutoka bombani begi lilikuwa limefungwa na cherehani iko mlangoni.

Nikamwambia, "Mama Mkubwa, si ulisema hurudi mpaka akuombe?"

Akanitazama kama mtoto wa darasa la kwanza. "Na hii ni nini? Ulitaka apige magoti kwenye bahasha?"

Kimya atamleta kwa lori, maana anapita huko tena. Anavyoongea yule, watafika Mama Mkubwa hana sikio.

Uliuliza habari za Kimya. Ni dereva. Nimejaribu kuandika zaidi ya hapo mara nne, na karatasi nne zimeishia kwenye tanuri.

Chumba kitakuwa kipana ghafla. Kitanda kitarudi kuwa changu, lakini nadhani nitajikuta bado nalala kwenye godoro sakafuni.

Mwanao


Tarehe 15 Julai

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimeipokea mkononi kwa mwenyewe. Alisimama mlangoni na kofia yake ya safari, akaninyooshea bahasha, akasema, "Una barua." Nikasema, "Asante." Akasema, "Hujapiga pasi shati." Nikasema, "Pasi nimeifungua kidogo." Nilikuwa nimeandaa hotuba, mwanangu, nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya saa ya ukutani. Yote ilinitoka. Yeye akavua koti, akakunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko, akapiga magoti mbele ya jiko.

"Bamba lenyewe liko wapi?"

"Hilo hapo juu. Angalia ukingo."

"Ukingo naujua. Nimelisafisha miaka yote hii, unadhani lilikuwa linajisafisha?" Akaliinua. "Sukuma."

Nikasukuma.

"Peleka kulia."

"Kulia kwangu au kulia kwako?"

"Kulia kwa jiko!"

"Jiko limetazama kwetu, kwa hiyo kulia kwake ni—"

"Mume wangu, mkono unaniuma."

Nikalipeleka upande ambao haukuwa kulia kwa mtu yeyote, na likaingia. Lilitoa sauti ndogo, *tk*. Ninaijua sauti hiyo. Ni sauti ya kitu kilichofika kwake. Nikarudisha ya pembeni, akashusha bamba, likakaa bila kuyumba. Tulibaki tumepiga magoti pale sakafuni, yeye masizi puani, mimi masizi kila mahali. Akanifuta shavu kwa kiganja chake, akalichafua zaidi, akaanza kucheka. Mimi nilidhani nacheka pia, mpaka aliponiuliza nalia nini. Nikamwambia ni majivu.

Tuliwasha moto wa vijiti kama ulivyoagiza. Yeye akasema ni mdogo mno. Nikasema mtaalamu ameagiza. Akasema mtaalamu mwenyewe anaunguza uji. Leo moto ni wa tatu, umekolea, na ukuta wa nyuma haujawa mwekundu hata kidogo. Cherehani imerudi kwenye kona yake na inakimbia. Gauni la mwalimu wa kwaya linaanza upya, na mimi ndiye niliyekwenda kumwomba apimwe mara ya pili. Alinipiga na mkoba. Amekuja.

Sasa, Kimya. Alipomshusha Mama yako Mkubwa hakuondoka. Alisema lori limekataa kuwaka. Akakaa jikoni, akakaa sebuleni, akanisaidia kupasua kuni, akazungumzia kila kitu kilichoumbwa isipokuwa kilichomweka hapa. Jana baada ya chakula akaanza sentensi, "Mzee, kuhusu binti yako," kisha akanyamaza. Tulimsubiri. Mama yako Mkubwa aliacha kushona ili amsikie vizuri. Kuni zikalia motoni. Hakuna.

"Sema, mwanangu," nikamwambia. "Humu ndani tumesema mengi mabaya kuliko hilo."

Akavuta pumzi. "Mzee, kwanza naomba radhi. Lori halikuharibika. Nilisema vile ili nipate muda wa kuzungumza na ninyi."

Mama yako Mkubwa akanigeukia polepole.

"Ungesema mapema," nikamwambia yule kijana. "Mimi nimelifungua asubuhi."

Kwa hiyo injini iko uani, juu ya turubai, imepangwa vizuri sana. Kimya ameiona. Alikaa chini. Baadaye lakini alisema lote alilotaka kusema, kwa sababu baada ya kuona ile injini hakuwa na kitu kingine cha kuogopa. Alisema vizuri. Tumempa jibu letu, kwamba jibu si letu, ni lako.

Mama yako Mkubwa amekwenda mwenyewe kumleta fundi wa magari, na mimi nimekatazwa kukaribia turubai. Msimamizi wako mwambie sahani zitachelewa kidogo. Wewe panda basi uje. Koti zito acha huko, hapa tumefungua dirisha.

Baba yako Mkubwa